Mzee Tak na Kochi Lisilo na Stika

Duka langu la udobi liko langoni mwa maghorofa ya Eunsol, hapa Daejeon, na dirisha ninalopigia pasi linatazamana na kibanda cha walinzi. Kwa miaka kumi na saba nimewaona walinzi wakiingia na kutoka kibandani humo, na sare zao nafua mimi. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ulinzi ni kazi ya kukaa, huwa namwomba anieleze kwa nini suruali zao huisha magotini kabla ya kuisha makalioni.

Mzee Tak Jong-gil alikuja mwezi wa tatu, mwaka ule lifti ya jengo la 104 ilipokuwa inajifia ovyo. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na tisa katika kiwanda cha soksi, akapanda mpaka unaibu meneja wa kitengo cha mauzo ya nje, kisha akapewa saa ya ukutani, akapigiwa makofi, akaenda nyumbani. Akafungua duka la kuku wa kukaanga, kwa sababu kila mstaafu wa mji huu hufungua duka la kuku. Mtaani kwake yalikuwepo manane, na wateja wake wakubwa walikuwa wastaafu wenzake waliokuja kupeleleza anachanganya nini kwenye unga. Duka lilidumu miezi kumi na minne.

Aliyempa wazo la ulinzi ni shemeji yake, Cheol-gyu, mtu ambaye maishani mwake hajawahi kulinda chochote isipokuwa nafasi yake kwenye foleni ya chakula cha harusi.

"Shemeji, ile kazi ni kulipwa ili uzeeke," alimwambia. "Unakaa. Redio inaimba. Mwisho wa mwezi unapokea. Shida ni moja tu, mwizi. Na mwizi akija, unamshindilia hii."

Akamkabidhi tochi ya chuma yenye urefu wa mkono mzima.

Mke wake, Bi Myeong-hui, aliamini ile nusu ya kwanza, ya kukaa. Aliamini kiasi kwamba kila Mzee Tak aliporudi nyumbani baada ya zamu ya saa ishirini na nne alikuta vyombo vinamsubiri. "Wewe umepumzika tangu jana, Baba Ye-rim," alikuwa akimwambia. Kanisani aliwaambia kina mama wenzake kwamba mumewe ni mshauri wa usalama wa makazi. Mmoja wao alimwomba ushauri, yeye akamjibu kwamba mambo hayo ni ya siri.

Nayo kampuni iliyomwajiri iliamini ile nusu ya pili, ya mwizi. Ilimpeleka mafunzo ya siku tatu. Akafundishwa kumpindisha mtu mkono, kumwangusha, kumpokonya kisu. Mzee Tak alifaulu kwa alama za juu. Tangu siku ile mpaka anaacha kazi, kisu pekee alichokutana nacho ni changu, nilichomwazima akatie kamba za maboksi.

Asubuhi ya kwanza alisimama langoni kifua mbele, sare nimeinyoosha mpaka mkunjo wa suruali ungeweza kukata karatasi. Kofia ndiyo ilimsaliti. Aliirithi kwa mlinzi aliyemtangulia, mtu wa kichwa kikubwa, ikawa inamshukia nyusini kila alipogeuka. Haikupita nusu saa, Bi Yang wa ghorofa ya saba akatokea mbio na kandambili.

"Mlinzi! Mlinzi we! Njoo upesi, wameingia!"

Mzee Tak akanyakua tochi, akazipanda ngazi mbilimbili, maana lifti ilikuwa imegoma. Alifika juu anahema, tochi juu.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwizi!"

"Mwizi gani tena, mzee? Njiwa! Wametaga kwenye kiyoyozi changu. Na hiyo rungu ishushe, utawatia hofu."

Akashuka, akachukua ufagio, akapanda tena. Alirudi na mavi ya njiwa begani, na ile sare ndiyo ya kwanza kufuliwa na mimi mara mbili kwa siku moja.

Baada ya hapo kazi ilimfundisha yenyewe. Jumatano ni siku ya kutenganisha taka. Watu hushusha kila kitu kwa nia njema, yaani wanashusha na kukimbia. Mzee Tak alibaki pale akimwaga mchuzi uliosahaulika kwenye makopo ya tambi, akibandua gundi kwenye maboksi, akitoa vifuniko vya chupa kimoja kimoja. Katika miezi sita alijua kila kaya kwa taka zake. Alijua nani amesema ameacha pombe, na nani ameanza kula majani ili apungue lakini anamalizia na keki. Hakumwambia mtu. Hata mimi hakuniambia, na nilimuuliza mara nyingi.

Magari je? Maegesho yetu ni madogo, watu huegesha nyuma ya wenzao, gari likaachwa gia huru. Asubuhi mwenye gari la ndani akitaka kutoka, nani anasukuma la nje? Mshauri wa usalama wa makazi.

Tuna kaya mia tatu na themanini, na kila kaya iliamini kwamba Mzee Tak ni mlinzi wake peke yake. Mkataba ulisema saa sita mpaka saa saba mchana ni muda wake wa kupumzika. Basi saa sita na dakika tano mlango unagongwa. "Najua umepumzika, mzee, nachukua kifurushi changu tu." Na dakika kumi mwingine. Na robo mwingine. Kisha yule wa saa sita na dakika ishirini, akimkuta amefumba macho, anakwenda ofisini kuandika malalamiko kwamba walinzi wa hapa kazi yao ni kusinzia.

Kwa yote hayo hakukasirika. Alichokasirikia ni kitu kimoja, samani kubwa zilizotupwa bila stika. Sheria ni kwamba ukitaka kutupa kabati au kitanda, unakwenda ofisi ya kata, unanunua stika, unabandika, gari la kata linakuja kuchukua. Lakini watu walikuwa wanashusha kabati kimyakimya, na kabati likikaa wiki, anayefokewa ni mlinzi. Mzee Tak akabuni utaratibu wake. Akikukamata na samani, anakuandikisha namba ya simu, kisha anaipiga palepale mbele yako.

"Simu ikilia mfukoni mwako, nakushukuru," alikuwa akisema kwa upole uleule wa kuuzia soksi. "Isipolia, naomba namba nyingine."

Na ukishampa namba, atakupigia kila siku saa sita mchana mpaka ubandike. Mwalimu mmoja wa jengo la 102 alihama kabisa, akatuachia deski lake likiwa na stika tatu.

Sasa nije kwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi, Bwana Seok Tae-ryong, wa 1201, ghorofa ya kumi na mbili. Alichaguliwa kwa kura kumi na moja. Katika kaya mia tatu na themanini, kumi na mbili ndizo zilizopiga kura, na hiyo moja iliyoharibika tunaamini ni ya mke wake. Siku moja alikwenda kumtembelea rafiki kwenye maghorofa ya matajiri, akaona walinzi wa kule wanainamia kila gari linalopita. Alirudi macho yanang'aa.

Bahati mbaya wiki hiyohiyo Mzee Tak alimsimamisha kijana mmoja wa gari jekundu akamuuliza anakwenda nyumba namba ngapi. Jioni yake mwenyekiti alifika kibandani. Mimi nilikuwa napiga pasi dirishani, na sikuzima redio ila niliipunguza.

"Mzee, unamjua yule kijana ni nani?"

"Simjui, Mheshimiwa Mwenyekiti. Ndiyo maana nilimuuliza."

"Ni mpwa wangu! Unamhoji mpwa wangu kama jambazi?"

"Kitabu cha kazi kinasema nimuulize kila mgeni."

"Kitabu hicho kimeandikwa na nani?"

"Na kamati yako, Mwenyekiti."

"Basi kamati imefuta. Kuanzia kesho, gari likiingia unainama. Likitoka unainama. Huulizi mtu kitu. Mlinzi ni sura ya mtaa, na sura haiulizi maswali. Wezi tumewawekea kamera kumi na sita."

Asubuhi iliyofuata, kuanzia saa moja mpaka saa tatu, Mzee Tak aliinama mara mia nne thelathini na moja. Alihesabu mwenyewe. Aliinamia magari ya shule, gari la maziwa, na gari moja lililokuwa linavutwa kwenda gereji halina mtu ndani. Mama Hyeon-seo wa jengo la 103, muuguzi, hakuvumilia kuinamiwa na mtu wa rika la baba yake. Akasimamisha gari, akashuka, akamwinamia na yeye. Mzee Tak akainama tena kujibu. Mama Hyeon-seo naye akajibu. Nyuma yao foleni ikafika barabara kuu, honi zinalia.

"Mama, panda gari, nakuomba," Mzee Tak akamnong'oneza akiwa bado ameinama. "Ukiendelea hivi nitaandikiwa barua."

Alikuja dukani kwangu mchana. Nikambandika plasta za dawa mgongoni, tatu juu, tatu chini.

"Kiwandani pia niliinama, Mama Dobi," alisema, uso ukiwa ukutani. "Wajapani walikuja kununua soksi, nikawainamia. Lakini wale niliwaona macho. Hapa nainamia vioo vyeusi. Mtu unajisikia kama umeachwa stendi unalipungia basi."

Nikamwongezea plasta moja.

Ikawa hivyo miezi mitano. Kisha ikaja Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi. Bwana Seok na mkewe walikuwa wamekwenda kisiwani Jeju kupumzika siku nne. Liliingia lori la kuhamisha vyombo, na nyuma yake gari la ngazi ya umeme, ile inayosimamishwa mpaka dirishani ili vyombo vishuke nje bila kupita kwenye lifti. Wanaume watatu, makoti ya bluu, kofia, glavu mpya. Mzee Tak akainama. Wakamwuliza waweke wapi ngazi. Aliwasukumia magari matatu wapate nafasi, kwa mikono yake, na mmoja wao akamwambia, "Ahsante sana mzee wetu, walinzi wa siku hizi hawana adabu kama wewe."

Ngazi ikapanda mpaka ghorofa ya kumi na mbili. Mzee Tak akaitazama, akavuka barabara akaja kwangu.

"Mama Dobi, Mwenyekiti anahama?"

"Ahame bila kuitisha kikao cha kujiaga? Thubutu."

"Wale wako dirishani kwake."

"Waulize."

"Nimekatazwa kuuliza."

Akapiga simu ofisi ya usimamizi. Niliisikia sauti ya meneja ikitoka kwenye simu. Mwenyekiti yuko mapumzikoni, amesema asisumbuliwe kwa lolote, bila shaka anabadilisha samani, na wewe mzee tangu lini unamkagua Mwenyekiti? Mzee Tak akakata simu. Alisimama kidogo ameishika kofia yake, akiizungusha. Nilimwona anataka kwenda kuwauliza, mguu ukatangulia, kisha ukarudi. Ndani ya miezi mitano walikuwa wamemfundisha vizuri.

Basi akatazama. Ikashuka televisheni kubwa kama mlango wa zizi. Ukashuka mkoba wa magongo ya gofu. Kikashuka kiti cha kukanda mgongo, ambacho Bwana Seok alikuwa amekinunua kwa sababu kazi ya uenyekiti inachosha. Likashuka friji la kuhifadhia kabichi za kuchachushwa, yaani kimchi, zito, limejaa, watu watatu wakalisukuma ndimi nje. Mwisho likashuka kochi la ngozi, refu, rangi ya chai. Lori lilikuwa limejaa. Wakalijaribu hivi, wakalijaribu vile, kisha wakalibeba wakaliweka sehemu ya taka, wakafunga milango ya lori.

Hapo Mzee Tak akazinduka. Sijawahi kumwona akikimbia hivyo, hata kwa njiwa. Akasimama mbele ya lori mikono amepanua.

"Nyie! Simameni! Hakuna kutoka hapa!"

Dereva akashika breki. Yule mkubwa wao, mwanamume wa uso mpana, akashuka taratibu, rangi imemtoka kabisa.

"Kuna nini, mzee?"

"Kochi."

"Kochi?"

"Lile pale. Halina stika."

Yule mtu akalitazama kochi, akamtazama Mzee Tak, akawatazama wenzake. "Stika," akasema.

"Ya kata. Samani kubwa haitupwi bila stika. Imeandikwa pale ukutani kwa herufi nyekundu."

"Mzee, si letu, ni la mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba hayupo. Aliyelishusha ndiye anayelijibia."

"Sawa, sawa. Tutakuja nayo kesho."

"Kila mtu husema kesho. Andika jina na namba ya simu."

Akatoa daftari na kalamu. Mwenzake wa ndani ya lori akafyonza, "Mpe tu, twende!" Yule mtu akaandika haraka. Mzee Tak akabonyeza namba, akaisikiliza simu, akakitazama kifua cha yule mtu.

"Hailii."

"Nimekosea tarakimu moja."

"Inatokea. Andika nyingine."

Jasho lilikuwa linamtiririka, na ilikuwa baridi ya mwezi wa kumi na moja. Akaandika nyingine. Mfukoni mwake ukalia wimbo wa taratibu wa mapenzi ya zamani, sauti ya juu kabisa.

"Ahsante sana, Bwana Bae," Mzee Tak akasema. Akarudi pembeni, na lori lilipopita, akaliinamia. Alikuja kwangu amefurahi. "Mara mbili tu, Mama Dobi! Yule mwalimu nilimwandikisha mara tano."

Mwenyekiti alirudi Ijumaa. Kelele tulizisikia mpaka chini. Bwana Seok alililia kiti na magongo, mkewe alililia kimchi. "Ya mama yangu! Kabichi arobaini! Mama yangu ana miaka themanini na nne, hatatengeneza nyingine!" Nadhani ni yeye peke yake aliyeibiwa kitu kisichopatikana dukani.

Polisi wakaja wawili. Wakafungua kamera zote kumi na sita. Zilionyesha kofia tatu, safi kabisa, zinaonekana kutoka juu mpaka nyuzi zake. Namba za magari zilikuwa zimepakwa matope. Na kila kamera ya langoni ilionyesha mgongo wa Mzee Tak, umeinama.

Bwana Seok akamgeukia mbele ya watu wote. "Wezi wananiibia mchana kweupe, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nainama, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Hakusema kwa kejeli. Alijibu alichoulizwa. Mama Hyeon-seo akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

"Na kwa nini hukuwauliza? Kazi ya mlinzi ni nini? Si kukamata wezi? Mlifundishwa mafunzo ya nini?"

Mzee Tak alikuwa amekunja ile kofia mikononi mpaka ukingo ukavunjika. Uso wake ulikuwa mwekundu, na nilijua anaona aibu kweli, kwa sababu kuna sehemu yake iliyokuwa bado inaamini maneno ya shemeji yake. Alidhani mwizi akija utamjua, atakuwa amejificha, na wewe utakuwa na tochi. Hakuna aliyemwambia kwamba mwizi hukusifu adabu yako.

"Sikuwauliza," alisema. "Lakini namba ya simu ninayo."

Yule polisi mkubwa akainua kichwa. "Namba ya nani?"

"Ya mtu wa kochi. Huwa nampigia saa sita mchana. Leo bado sijampigia."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika mbili. Polisi wakatazamana. Wakamwambia apige, na azungumze kama siku zote. Akaweka sauti ya nje.

"Bwana Bae, habari za mchana. Ni mimi, mlinzi wa Eunsol. Kochi bado liko hapa."

"Mzee!" Sauti ililia kwa uchungu wa kweli. "Siku ya nne hii! Nimekwambia nitakuja!"

"Jana mvua imelinyeshea."

"Mzee wangu, niko Okcheon, ghala la nyuma ya soko la nyanya, nashusha mizigo, niache nifanye kazi! Jumatatu nitakuletea hiyo stika, naapa kwa mama yangu!"

"Ghala la nyuma ya soko. Nimeandika. Jumatatu, basi. Jitahidi, Bwana Bae."

Okcheon ni karibu. Kabla jua halijazama walikuwa wameshikwa wote watatu, na vitu vyote vimepatikana, isipokuwa kabichi. Kabichi zote arobaini walikuwa wamezila na nyama ya nguruwe, wao na jamaa zao, kwa siku nne, na mmoja wao aliwaambia polisi kwamba haijawahi kutokea kimchi kama ile. Mke wa mwenyekiti alipopelekewa maneno hayo alilia upya, ila safari hii alilia akiwa amenyooka kidogo kwa fahari.

Wiki iliyofuata wakaja watu wa televisheni. Bwana Seok, tai shingoni, alisimama mbele ya chumba cha kamera akaeleza juu ya mfumo wetu wa kisasa wa usalama. Kisha mtangazaji, binti mchangamfu, akamfuata Mzee Tak.

"Mzee, tuonyeshe ulivyopambana nao."

"Sikupambana. Niliwaomba namba ya simu."

"Basi shika kirungu tu, tukupige picha."

"Hatuna kirungu. Nina ufagio."

Alionekana sekunde nne, ameshika ufagio, chini pameandikwa "Mlinzi shujaa". Bi Myeong-hui alizirekodi hizo sekunde akazipeleka kanisani. Jumatatu yake kampuni ya ulinzi ikamwandikia barua ikimtaka aeleze kwa maandishi kwa nini aliwasukumia wezi magari. Aliandika majibu mezani kwangu, kwa mwandiko mzuri wa ofisini. "Niliwasukumia kwa sababu siruhusiwi kujua kwamba ni wezi. Naahidi kuboresha."

Kikao cha wakazi kiliitishwa Jumapili mchana, na safari hii walijaa. Bwana Seok alileta pendekezo la kuweka geti la kujiendesha na kupunguza walinzi wanne abaki mmoja. "Mashine haiinamii wezi," alisema, na hakuyasikia maneno yake mwenyewe.

Ningependa kuwaambia kwamba watu walisimama kumtetea Mzee Tak. Hawakusimama. Bi Yang alisimama kuuliza mashine itafanya nini kuhusu njiwa. Mwenye duka la maua akauliza nani atampokelea vifurushi. Baba mmoja mwenye gari la maegesho ya ndani akauliza, je, geti linasukuma gari? Mama Hyeon-seo akauliza mashine itampigia nani simu saa sita mchana. Kila mmoja alisimama kutetea njiwa wake. Pendekezo likaanguka kwa kura mia mbili na saba. Kuinama kukafutwa kwa kura nyingi zaidi ya hizo, maana wapo waliokuwa wanapitia geti la nyuma kwa aibu na petroli imewachosha.

Kesho yake Mzee Tak alipanda ghorofa ya kumi na mbili, akagonga.

"Mwenyekiti, kochi."

"Kochi gani?"

"Lako. Bwana Bae yuko rumande, hawezi kununua stika."

"Mimi sikulitupa! Nimeibiwa!"

"Najua. Lakini ni lako?"

Lilikuwa lake. Bwana Seok akashuka na sapatu zake. Kochi lilikuwa limelowa upande mmoja lakini zima, akaamua kulirudisha. Yeye akashika huku, Mzee Tak akashika kule. Walipofika ukumbini lifti ilikuwa imejifia tena, wakaliweka chini, wakakaa juu yake, wawili, wakisubiri fundi. Mimi nilikuwa nimepeleka mashuka jengo hilo, niliwakuta hapo.

"Zamani ulikuwa unafanya nini?" mwenyekiti alimuuliza.

"Soksi. Naibu meneja, mauzo ya nje."

Bwana Seok akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. "Naibu meneja," akasema. "Hata mimi nilikuwa naibu." Akakuna goti. "Nilidhani ninyi mnaletwa mkiwa tayari walinzi."

Mzee Tak akacheka mpaka kofia ikamwangukia puani.

Alifanya kazi miaka mitatu zaidi, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, kila mwisho wa mkataba akisafisha kibanda kana kwamba haongezewi. Aliacha goti la kulia lilipokataa ngazi. Sasa anaishi Boryeong, kando ya bahari, na Bi Myeong-hui. Mwezi uliopita alikuja kunisalimia, akaniletea mfuko wa chaza wabichi. Akauweka juu ya meza ya pasi, tukaanza kuzungumza, tukazungumza saa mbili, na mfuko ulikuwa unavuja. Nilifua upya makoti manne.